Kadi Chini ya Kioo

Kadi hii ya posta nimeiweka chini ya kioo cha meza yangu ya kukatia nguo hapa Remera, Kigali, na wateja wakija kupimwa huuliza ni harusi ya nani. Si harusi. Ni waumini wa misheni fulani ya Ruanda, kama jina lilivyoandikwa enzi za Wabelgiji, wamekusanyika baada ya misa. Padre wa shirika la Mapadre Weupe ameketi katikati na ndevu zake, watoto wako chini vumbini. Pembeni, nusu umekatwa na ukingo wa picha, upo mtungi wa urwagwa na mirija yake. Mpiga picha hakuutaka, nadhani. Kadi kama hizi ziliuzwa Ulaya kuchangia misheni, na mfadhili alitaka kuona rozari, si pombe ya ndizi.

Mapadre Weupe waliingia Ruanda mwaka 1900 wakiongozwa na Askofu Hirth, wakafungua misheni ya Save; Sainte-Famille ya Kigali ikafuata 1913.

Katika kadi hii, mimi fundi cherehani hutazama nguo. Wanawake wa nyuma wamevaa ngozi na magome ya miti; wa mbele wamejifunga amerikani mpya, alama za mikunjo ya jora bado zinaonekana. Mtu aliwapanga hivyo.