Macho Matatu na Mulika Mwizi: Kwa Nini Tunaipenda Simu Tunayoipenda

Kwenye chumba chetu cha habari ugomvi usioisha si wa Simba na Yanga. Ni wa iPhone na Android. Mwenye iPhone anasema picha zake zinaongea zenyewe. Mwenye Samsung anamjibu, sawa, lakini ikifika saa kumi jioni nani anazunguka kuomba chaja? Wakichoka wananigeukia mimi, kwa kuwa niliwahi kuandika habari za teknolojia: hivi, ipi bora?

Nimeanza kuamini kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Ukiisoma historia ya simu, hasa hii ya kwetu Afrika Mashariki, huoni sana watu wakichagua kilicho bora. Unaona watu wakifuata walipo ndugu zao, pesa zao na fundi wao. Unaona pia kwamba kila watu wanapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, wapo wanaobaki nje bila kosa lolote. Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike makala hii.

Tuanze na mwaka 2007. Januari 9, Steve Jobs alisimama mbele ya watu San Francisco akaonyesha iPhone. Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Novemba, Google na kampuni kadhaa za simu zikatangaza Android, mfumo ambao mtengenezaji yeyote angeweza kuuchukua na kuuweka kwenye simu zake. Mambo matatu, mwaka mmoja. Sasa muulize mtu wa Mbagala au Kibera ni lipi lililoyagusa maisha yake kwanza. Hatataja la Januari wala la Novemba. M-Pesa, ambayo Vodacom waliileta Tanzania mwaka 2008, haikuhitaji simu janja. Unafungua menyu, unachagua kutuma pesa, unaandika namba, unaweka namba ya siri, basi. Simu ingeweza kuwa yoyote ile.

Na kwa wengi wetu, "yoyote ile" ilikuwa Nokia. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, batani zilizofunikwa zisiingie vumbi, na chaji ya kukaa siku kadhaa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu za aina hiyo Wakenya waliziita mulika mwizi, sisi tukaziita vitochi. Mimi huyaona majina hayo kama uhakiki mfupi kuliko wote. Hakuna aliyeita simu kwa jina la mfumo uliomo ndani yake. Tuliiita kwa kazi iliyotufanyia umeme ulipokatika.

Ilikuwaje basi Nokia, iliyokuwa kila mfukoni, ikaanguka? Jibu la haraka ni kwamba simu zake zilipitwa na wakati. Jibu hilo halitoshi. Februari 2011 mkuu wake, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama kwenye mtambo wa mafuta unaowaka moto katikati ya bahari: aruke au aungue. Siku chache baadaye Nokia ikatangaza kwamba inaacha kuutegemea mfumo wake wa Symbian na kuingia Windows Phone, wa Microsoft. Zikaja Lumia. Waliozishika wanakumbuka: rangi nzuri, kamera nzuri, mfumo mwepesi. Lakini waandishi wa programu hawakuziandikia kwa sababu wateja walikuwa wachache, na wateja hawakuja kwa sababu programu zilikuwa chache. Microsoft ilikamilisha kuinunua biashara ya simu za Nokia mwaka 2014, na haikupita miaka mingi Windows Phone ikafa. Lilikuwa duka zuri kwenye mtaa usiopita mtu.

Kisa cha BlackBerry kinafundisha zaidi, maana wao watu walikuwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na vijana wa mjini ambao, ukikutana nao, walikuomba PIN kabla ya namba ya simu. PIN ilikuwa ya BBM, huduma ya kutumiana ujumbe iliyokuwa ya wenye BlackBerry peke yao. Kama huna, huna. Raha yake nyingine ilikuwa hiyo hiyo, kwamba wengine hawamo. Wakati huo huo WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilikuwa inaingia kila mlango: iPhone, Android, Nokia za bei nafuu, hata BlackBerry kwenyewe. Haikuomba PIN. Ilisoma namba ulizokuwa nazo tayari, za shangazi, za mwenye nyumba, za fundi bomba. BBM ilipofunguliwa kwa wenye Android na iPhone, Oktoba 2013, watu walikuwa wameshahama. Mwaka uliofuata Facebook ikakubali kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Ukuta uliowazuia wengine kuingia BBM ndio uliowaacha waliomo wakiwa peke yao.

Hapo ndipo Android ilipochukua nchi. Mwaka 2011 Safaricom iliuza Kenya simu ya Huawei iliyoitwa IDEOS kwa karibu dola 80. Ilikuwa ndogo na kioo chake hakikuwa cha kujivunia, lakini kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza simu janja kuwa kitu cha kununua badala ya kitu cha kutazama dirishani. Nyuma yake wakaja Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion yenye makao Shenzhen, China. Jamaa hawa walifanya jambo ambalo wakubwa hawakujisumbua nalo: walitutazama tunavyoishi. Kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, kila mtu alikuwa na laini mbili tatu na moja aliificha kwenye pochi. Wakaleta simu za laini mbili na zaidi. Umeme unakatika, wakaweka betri kubwa. Kamera za wengine ziliwageuza watu weusi kuwa kivuli chenye meno; wakazirekebisha kamera zao zisome ngozi yetu. Haya yote yaliwezekana kwa bei ile kwa sababu mfumo wenyewe, Android, ulikuwepo tayari na hawakulazimika kuuandika upya. Mtu akiniambia anapenda Android, mara nyingi ninamsikia akisema anapenda simu anayoweza kuimudu, ambayo kioo chake kikivunjika kinapatikana Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, siku hiyo hiyo.

Na iPhone je? Huku kwetu imeshapata jina lake: macho matatu. Jina lilikuja baada ya mwaka 2019, Apple ilipotoa simu zenye kamera tatu mgongoni, na likawa kipimo cha mtu. Inafaa kujua kwamba wenzetu Marekani wanaibishania simu hii kwa sababu tofauti kabisa. Kule watu wengi hutumiana ujumbe kwa programu ya Apple yenyewe. Ukimwandikia mwenye iPhone mwenzako, ujumbe wako una rangi ya bluu. Ukimwandikia mwenye Android, ni kijani, na kwa miaka mingi picha ulizomtumia zilimfikia zimefifia. Wapo vijana waliochekwa shuleni kwa ajili ya rangi hiyo. Katika kesi kati ya Epic Games na Apple, mwaka 2021, zilitolewa barua pepe za viongozi wa Apple zilizoonyesha kwamba walilifikiria jambo hili: kuipeleka huduma hiyo kwenye Android kungewarahisishia wazazi wenye iPhone kuwanunulia watoto wao Android. Wakaacha.

Kwetu rangi hiyo haina kazi, maana wote tumo WhatsApp. Kwa hiyo hamu ya macho matatu ina asili nyingine. Ni heshima, na sioni sababu ya kuidharau. Rafiki yangu mmoja, mpambaji wa maharusi hapa Dar, alinunua iPhone iliyokwishatumika kwa sababu wateja walikuwa wakimwuliza, kabla hata ya bei, kama picha za kazi yake amepiga kwa iPhone. Kwake simu ile ni kibao cha dukani. Ana hesabu nyingine pia: akiiuza baada ya miaka miwili, bado itarudisha fedha ya maana. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba anafuata mkumbo tu.

Wala sisemi ubora hauna maana. Mwaka 2009 Apple iliweka ndani ya iPhone sauti inayomsomea asiyeona kila kilichopo kwenye kioo, bila kununua programu ya ziada. Kwa msomaji asiyeona hilo si urembo, ni mlango. Ninachosema ni kwamba ubora peke yake haujawahi kuwahamisha watu wengi. Lumia ilikuwa bora kuliko simu nyingi zilizoizika.

Wapenzi wa fasihi hatupaswi kulishangaa hili, kwa sababu lugha yetu imeshapitia jambo linalofanana nalo. Kwa karne kadhaa Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Chuo cha Herekali, utenzi mashuhuri wa Pate, uliandikwa kwa herufi hizo mwaka 1728. Kisha wakaja wamisionari, wakaja Wajerumani na Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Mtu anaweza kutetea kwamba Kilatini kinaitofautisha "e" na "i" vizuri zaidi, na ni kweli. Lakini watu hawakuhama kwa ajili ya irabu. Walihama kwa sababu shule, gazeti, posta na kazi za serikali zilihamia huko. Na shehe aliyeweza kutunga na kuandika beti mia tano kwa mkono wake alifika kwa bwana shauri akaandikwa kuwa mtu asiyejua kusoma. Hakusahau chochote. Ni kwamba mfumo ulihama, yeye akabaki.

Simu zinafanya hivyo hivyo, kwa kasi zaidi. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia. Tanzania ikafuata Juni 2016. Walioamka asubuhi wakakuta simu zimekufa wengi wao walikuwa wamelipa fedha halali, dukani, kwa simu waliyoiamini. Mwaka 2017 WhatsApp iliacha kuhudumia BlackBerry, na baadaye zile Nokia za zamani nazo zikaachwa. Simu ilikuwa nzima, batani zote zinabonyea, ila mwenye simu alikuwa ametolewa kwenye kikao. Siku hizi limeongezeka jingine, simu za mkopo. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, mtu aondoke na simu ya Android. Umewafikisha mtandaoni watu ambao wasingefika. Lakini simu za namna hiyo zina kufuli: usipolipa, zinafungwa kwa mbali. Mulika mwizi hakikuweza kufungwa na mtu aliye ofisini.

Kwa hiyo wenzangu wakiniuliza ipi bora, ninawarudishia maswali matatu. Watu wako wako wapi? Ikiharibika, nani anaitengeneza na kwa shilingi ngapi? Na ufunguo wake anao nani? Mpambaji wangu atayajibu tofauti na mwendesha bodaboda wa Kahama, na wote wawili watakuwa sahihi.

Ila lipo swali la nne, na hilo si la mnunuzi. Ni letu sote tunaounda makundi, tunaotangaza kazi mtandaoni, tunaotaka fomu zijazwe kwa simu: nani hayumo? Mwaka jana tulikuwa na harusi kwenye ukoo. Kamati ikafungua kundi la WhatsApp. Kadi, ratiba, sare, hata mabishano ya ukumbi, yote yakapita humo. Mjomba wetu mkubwa anatumia kitochi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe ikagundulika kwamba hajui hata ukumbi uko wapi. Mchango wake, hata hivyo, alikuwa ameutoa mwezi mzima nyuma. Katibu alikuwa na namba yake, akamtumia ujumbe wa kawaida kumkumbusha, na mzee akafungua menyu ya pesa, ileile ya tangu enzi za Nokia, akatuma. Kamati ilimsahau kwenye kundi. Kwenye mchango haikumsahau.