Santuri za Siti binti Saad na Masikio ya Wasikilizaji

Katika mwaka wa 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye kabla ya kupata sifa ya uimbaji alikuwa akifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuvinadi, alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay pamoja na wenziwe, miongoni mwao Subeti bin Ambar na Mbaruk Effandi Talsam, ili sauti zao zitiwe katika santuri za His Master's Voice. Santuri hizo zilipowasili pwani zilipokewa kwa shangwe, zikapigwa majumbani na katika mikahawa. Kijana wa leo azisikiapo kwa mara ya kwanza, aghalabu hukunja uso kwa ule mkwaruzo usiokoma na fidla iliyopungua uhai, akauliza wazee wetu walipata ladha gani humo. Na swali hilo ni la haki.

Hadi karibu na mwaka wa 1925 sauti ilinaswa kwa pembe kubwa ya bati, pasipo umeme, na pembe hiyo haikuweza kuchukua zaidi ya mitetemo kama 250 hadi 2,500 kwa sekunde, ilhali sikio zima la kijana husikia tangu 20 hadi kiasi cha 20,000. Kisha ikaja maikrofoni, na upeo wa juu ukapanda hata 5,000 na kupita. Ni bahati njema kwamba Siti alikwenda Bombay baada ya badiliko hilo, wala si kabla yake. Walakini sahani yenyewe ilibaki ile ile ya lakiri, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe, na sindano ya chuma ilipopita katika mifereji yake ilitoa mkwaruzo hata pale waimbaji waliponyamaza.

Kilichopotea, basi, kilikuwa kingi: wembamba wa juu wa fidla na kishindo cha chini cha ngoma. Sauti ya mwanamke, kwa sehemu yake iliyo kubwa, ilisalimika, kwa kuwa makazi yake ni katikati ya upeo ule. Herufi kama s na f, ambazo nguvu yake iko juu sana, zilififia na kukaribia kufanana. Lakini hapa lugha yetu ilisaidia kazi ya mtambo, kwani karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndizo zilizopenya salama. Fauka ya hayo, hadhira ile ililelewa katika mashairi: aliyejua vina na mizani aliweza kutambua neno lililozama, maana kina kilichotangulia kilikwisha kumwashiria lile litakalofuata. Kwa hiyo nasema kwa yakini kwamba usafi wa sauti una thamani hadi pale neno linaposikika na hisia ya mwimbaji inapofika. Baada ya hapo ni nyongeza njema, si roho ya muziki.

Upungufu ninaousikitikia zaidi haukuwa mkwaruzo, bali muda. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi, ikizunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao katika hafla ungalikokotwa kwa utuvu, ubeti ukarudiwa kwa kuwa mmoja wa walioketi ameguswa na maneno yake, ulipaswa kukatwa ili uenee humo, na kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote. Hapana mtambo, ujapokuwa bora namna gani, utakaoturudishia beti zisizoimbwa siku ile.

Siti alifariki mwaka wa 1950, hivyo sisi wengine tunamjua kwa sahani hizo peke yake. Siku hizi wako mafundi wanaozisafisha kwa kompyuta, na kazi yao ni ya kushukuriwa. Ila wapo wanaopita kiasi, wakaondoa mkwaruzo pamoja na pumzi ya mwimbaji na ukali wa sauti yake, kwa kuwa vyote hukaa katika mitetemo ile ile. Mimi nawasihi waiache sehemu ya kelele ile mahali pake, na kila nakala iliyosafishwa iwekwe pamoja na ile ambayo haijaguswa, ili atakaye kumsikia Siti mwenyewe asizuiliwe.