Nancy Drew wa 1930 na Nancy Drew wa 1959: Kitabu Kimoja, Shahidi Wawili

Mwaka 1930 kampuni ya Grosset & Dunlap ya New York ilichapisha The Secret of the Old Clock, kitabu cha kwanza cha msichana mpelelezi Nancy Drew. Mwandishi anayetajwa kwenye jalada ni Carolyn Keene, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Mhusika alibuniwa na Edward Stratemeyer, mfanyabiashara wa hadithi za watoto. Aliyeandika ni Mildred Wirt, kijana kutoka Iowa, ambaye alifuata muhtasari aliopewa, akalipwa dola 125 na kuachia haki zote.

Mwaka 1959 kitabu hicho kilitoka upya kwa jina lile lile. Ndani kilikuwa kimeandikwa tena na Harriet Adams, binti wa Stratemeyer. Sura 25 zilipunguzwa hadi 20, na Nancy wa miaka 16 akawa wa miaka 18. Katika insha hii nitajadili badiliko moja tu ambalo naona lina uzito zaidi kwetu tunaosoma historia.

Badiliko hilo linamhusu Jeff Tucker, mlinzi wa nyumba iliyoibiwa. Katika toleo la 1930 yeye ni Mmarekani Mweusi, wezi wanamlewesha, na Kiingereza chake kimeandikwa kwa kuharibiwa makusudi ili msomaji acheke. Katika toleo la 1959 jina limebaki, lakini ulevi, lafudhi na weusi wake vimetoweka.

Sababu zinaeleweka. Vitabu vifupi vilipunguza gharama za uchapaji. Pia nyakati zilikuwa zimebadilika: mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Dhihaka ya aina ile ilianza kumwaibisha mchapishaji.

Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba marekebisho hayo yalifuta tusi pamoja na aliyetukanwa. Mtoto Mweusi aliyefungua toleo jipya hakukuta tena mtu wa kuchekwa, lakini hakukuta pia mtu Mweusi mwenye heshima aliyechukua nafasi yake. Kuondoa jina baya ni rahisi kuliko kumpa mtu hadhi.

Mwaka 1991 kampuni ya Applewood ilichapisha tena matini ya 1930, kwa hiyo leo tunaweza kuyaweka matoleo yote mawili mezani. Mdogo wangu wa miaka tisa ningempa lile la 1959. Lakini darasani nataka yote mawili, kwani kila moja ni ushahidi wa mwaka wake: la kwanza linaonyesha watu wazima walicheka nini mbele ya watoto, na la pili linaonyesha walichoona afadhali wakinyamazie. Anayesoma toleo jipya peke yake atadhani kwamba hapakuwa na kosa lolote la kusahihishwa.