Uthibitishaji wa michoro ya nyanja za rangi
Ni kazi ya kubaini mchoraji na thamani ya picha isiyo na sahihi ya mtindo huu wa kupaka maeneo makubwa ya rangi, uliostawi New York miaka ya 1950. Mtaalamu makini huanzia nyuma ya turubai: misumari, lebo za maonyesho, mwandiko. Hufuata historia ya umiliki, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi sokoni. Jicho pekee halitoshi, hata la mjuzi. Kwa mfano, mwaka 2004 galari ya Knoedler iliuza kwa dola milioni 8.3 mchoro uliodaiwa kuwa wa Mark Rothko, mchoraji wa mtindo huu. Baadaye uchunguzi ulikuta chini ya rangi tabaka jeupe lisilolingana na kazi zake za miaka ya 1950. Knoedler, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilifungwa mwaka 2011.