Taksiri ya Ulimi na Sikio: Historia ya Makosa ya Kuongoza Ndege

Ijumaa, tarehe 24 Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ikiwa haijatimiza mwezi tangu kushika hatamu, mawaziri kadhaa walifika huku kwetu Samia, katika jimbo la Funyula, kumpa mkono wa heri mbunge wetu Moody Awori aliyeingia katika Baraza la Mawaziri. Na sherehe ilipokwisha wakaenda mjini Busia kupanda ndege ya kuwarejesha Nairobi. Ndege ile, Gulfstream ya injini mbili za panga, ilipaa, ikakumba nyaya za umeme, ikaanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo wakanusurika. Khalif ndiye aliyesimama Bungeni kuwasemea waliouawa Wagalla, huko Wajir, mwaka 1984, katika zama ambazo neno kama lile lingeweza kumponza msemaji, na kwa hiyo msiba wake ulitanda tangu mpaka wa Uganda hadi nyika za Wajir.

Asikiaye habari hii huenda akauliza: mwongoza ndege alikuwa wapi? Jawabu ni kwamba kiwanja cha Busia hakikuwa na mnara. Katika kiwanja cha namna ile rubani hujitazamia mwenyewe upepo, urefu wa njia, uzito wa chombo na vizuizi vilivyo mbele yake, wala hapana sauti ya kumwambia subiri. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoanzishwa tarehe 24 Oktoba 2002, ilikuwa imetimiza miezi mitatu kamili siku ile. Nami naona kwamba taksiri ya binadamu katika kazi hii aghalabu haizaliwi kwa yule aliyeshika kipaza sauti. Huzaliwa pale anapokosekana mtu wa pili wa kusikia na kusahihisha.

Tukirudi mwanzo, ndege za abiria zilianza kutufikia mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanzisha safari za kutoka London hadi Mwanza, na mashua zake zirukazo zikatua Kisumu, juu ya maji ya ziwa hili hili tuvuamo samaki. Vyombo vilikuwa vichache mno hata anga ikavitosha vyote. Vilipoongezeka ndipo ikahitajika elimu, na mwaka 1954 kikaanzishwa Nairobi chuo cha mambo ya anga ambacho hata leo kinawafundisha waongoza ndege wa Afrika Mashariki.

Tukio ambalo kila mwanafunzi wa kazi hiyo yafaa alijue lilitokea tarehe 3 Septemba 1974. Ndege ya British Airways, Boeing 747 iliyokuwa ikienda Johannesburg, ilikaribia uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, huku mawingu yakiwa yameifunika ardhi. Agizo la mnara lilikuwa ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakalishika kuwa ni futi 5,000. Na uwanja wa Embakasi wenyewe uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari, maana yake jitu lile la chuma, likiwa limejaa wasafiri, lilikuwa likielekea mahali palipo chini ya ardhi. Lilipochomoza katika mawingu marubani wakaiona nchi imewakabili, wakaliinua kwa nguvu zote, likanusurika likiwa limebakiza takriban futi 70 tu. Hakuna aliyekufa, na labda ndiyo sababu tukio limesahaulika.

Kanuni ya kuzuia hatari kama hiyo ni kwamba rubani hukariri namba aliyopewa, na mwongozaji huyasikiliza marudio yake kwa makini yale yale aliyotolea agizo, kama wabadilishaji fedha wa Malaba wanavyohesabu noti, kisha mteja akazihesabu tena mbele yao. Lakini kanuni hiyo hutekelezwa na watu waliochoka, kupitia redio zenye mikwaruzo, na mara nyingine sikio husikia lile lililokuwa likilitazamia. Tusilichanganye tukio lile la British Airways na maafa ya Lufthansa ya Novemba mwaka ule ule, yaliyoua watu 59 Nairobi. Pale kasoro ilikuwa katika mabawa ambayo hayakutayarishwa kwa kupaa, si katika mnara.

Ulaya walijifunza kwa damu. Tarehe 10 Septemba 1976 ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb, wakafa watu 176. Mwongozaji Gradimir Tasić alikuwa ameachwa peke yake katika dakika za msongamano, msaidizi wake akiwa ametoka kumtafuta mwenzao aliyechelewa zamu. Na alipoitambua hatari akasema kwa lugha ya kwao, ambayo marubani Waingereza wa ndege mojawapo hawakuifahamu. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 7. Waongoza ndege wenzake wakamwombea, akaachiliwa mwaka 1978. Mimi naona hukumu ile ilikuwa dhuluma, kwa kuwa ilimtia gerezani mtu mmoja na kuuacha huru mpango mbovu wa kazi uliomwelemea. Na mtumishi anayejua kwamba kosa lake litamfunga hataliungama, hivyo wenzake hawatapata kujihadhari nalo.

Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, wakafa watu wawili waliokuwa katika ile ndogo. Kwa hiyo haya si mambo ya kale. Tunawaomba wenye dhamana ya anga wahakikishe kwamba hakuna mwongozaji anayeachwa peke yake katika zamu nzito, na kwamba anayelitaja kosa lake kwa hiari haadhibiwi kwa kulitaja. Na kiwanja chochote cha huku mpakani kitakachopokea ndege za abiria kipewe kwanza mtu mwenye redio, na nyaya zilizo mbele ya njia yake ziondolewe.