Mizani ya Pearson na Njegere za Mendel

Mwaka wa 1865, mjini Brno, mtawa Gregor Mendel aliwasomea wataalamu wenzake habari za njegere alizozipanda katika bustani ya nyumba ya watawa. Katika jaribio moja alivuna mbegu 556: mviringo za manjano 315, zilizokunyaa za manjano 101, mviringo za kijani 108, na zilizokunyaa za kijani 32. Kanuni yake ilidai uwiano wa 9 kwa 3 kwa 3 kwa 1. Mendel aliona kuwa hesabu zake zaukaribia. Mizani ya kupimia ukaribu huo ilikuwa haijaundwa.

Aliyeiunda ni Karl Pearson wa London, mwaka 1900, wala hakuwa akifikiri njegere. Rafiki yake, Weldon, alikuwa amerusha dadu 12 mara 26,306, na Pearson alitaka kujua kama dadu za haki zingeweza kuleta hesabu zile. Alionyesha kuwa ni shida sana: 5 na 6 zilitokea mno.

Kazi ya mizani hiyo, iitwayo kaiskwea, ni nyepesi kuliko jina lake. Katika kila fungu hutafutwa tofauti baina ya idadi iliyopatikana na iliyotazamiwa. Tofauti huzidishwa kwa yenyewe, ikagawanywa kwa iliyotazamiwa. Kisha mafungu yote hujumlishwa. Kwa mbegu za Mendel zilitazamiwa 312.75, 104.25, 104.25 na 34.75, na jumla ni 0.47 tu. Mafungu yakiwa manne, matatu ndiyo yaliyo huru, maana la nne hufungwa na jumla ya mbegu. Na kwa mafungu huru matatu, desturi ni kuitilia shaka kanuni jumla ipitapo 7.81. Hesabu hii ya uhuru Pearson mwenyewe hakuipata sawasawa; R. A. Fisher aliisahihisha mwaka 1922, na Pearson hakumshukuru.

Ni Fisher huyo aliyeigeuza mizani upande wa pili. Weldon alikwisha kusema mwaka 1902 kuwa hesabu za Mendel zinapatana na kanuni kupita kiasi. Mwaka 1936 Fisher alijumlisha majaribio mengi ya mtawa huyo: palipotazamiwa kaiskwea ya 84 hivi, alipata chini ya 42. Nasibu peke yake ingeleta mapatano mazuri kama hayo mara 7 tu katika 100,000. Chombo kilichoundwa kufichua tofauti kilifichua ukosefu wake.

Fisher alimdhania msaidizi aliyejua mno kilichotakiwa. Wengine wamesema kuwa mbegu yenye shaka, si mviringo barabara wala haikukunyaa barabara, huenda iliangukia fungu lililoihitaji. Kanuni yenyewe haikutikisika, kwani wengine waliopanda njegere waliupata uwiano uo huo. Kilichoshtakiwa ni namna ya kuhesabu. Naye mshtakiwa alikuwa amefariki tangu 1884, miaka 16 kabla mizani haijakuwapo.