Hiba ya Mzazi katika Sheria za Pwani

Wazee wetu wa pwani, tangu Lamu hata Unguja, walijua kwamba hatari iliyo kubwa kwa mali ya mkongwe haitoki kwa mwizi wa njiani, bali mara nyingi hutoka chumba cha pili, kwa mwana au mpwa ashikaye funguo za kasha na kupokea kodi za nyumba. Na makadhi wao, waliohukumu kwa madhehebu ya Imamu Shafi na kukitegemea kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, walikuwa na hukumu za kumkinga mzee na jamaa zake mwenyewe.

Hiba haikutimia kwa maneno matupu, mpaka mpewa aitie mkononi kwa idhini ya mpaji. Na iliyotolewa katika maradhi ya mauti ilihesabiwa kuwa wasia, isipite theluthi ya mali, wala isimwendee mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Lakini hukumu niionayo bora kupita zote ni ile iliyompa mzazi, baba na mama pia, haki ya kuirejea hiba aliyompa mwanawe, haki wasiyokuwa nayo wapaji wengine, ila babu na bibi. Tuseme bibi kizee wa Mji wa Kale, Mombasa, amempa mwanawe kwa mapenzi nyumba yake ya mawe, yenye mlango wa nakshi na duka chini, kisha mwana akaanza kumnyima posho na kumhamishia ukumbini. Bibi huyo aliweza kusimama mbele ya kadhi akasema, "Nimeirejea," na nyumba ikamrudia, pasipo kudaiwa ushahidi wa ubaya wa mtu. Ila kama mwana alikwisha kuiuza, haki ile ilikatika, na wenye tamaa walilijua hilo vyema.

Ndipo wengi wakaziweka nyumba wakfu kwa vizazi vyao, zisiuzwe wala kurahiniwa. Mwaka 1894 baraza la rufaa la Malkia huko London, katika kesi iliyotoka Bengal, liliamua kwamba wakfu wa jamaa, ambao fungu la maskini limewekwa mbali mno, ni batili. Na mahakama za Waingereza za Afrika Mashariki zikaifuata hukumu hiyo, hata mrithi mwenye haraka akapata hoja ya kuiuza nyumba anayokaa mamake. Bara Hindi ilitunga sheria ya kuuhalalisha tena wakfu huo mwaka 1913. Kenya ikangoja hadi 1951, na kungoja huko nakuhesabu kuwa dhuluma.

Siku hizi kinachotangulia ni hati na wino. Basi nanyi mnaoitwa kushuhudia hati ya mkongwe, mtoeni mwana chumbani, msomeeni mzee maneno yote kwa lugha yake, mumuulize atalala wapi na atakula nini akishatia dole gumba. Na asipokuwa na jibu, msitie sahihi zenu.